Mpini Mpya kwa Kisu Kizee: Kadutu, Sanaa, Aubrac

Jikoni mwetu Bukavu, kisu huanza kufa kwenye mpini. Chuma ni kigumu. Kinanolewa kwenye ukingo wa ngazi ya saruji, kinapungua upana mwaka baada ya mwaka, lakini bado kinamenya ndizi na kupasua samaki. Mpini ndio unaolowa maji ya sabuni kutwa, ukavimba, ukakauka, ukapasuka kwenye ribiti, na siku moja ukabaki mkononi wakati ubapa umekwama ndani ya kiazi. Wengi huufunga waya, au ukanda uliokatwa kwenye mpira wa baiskeli, na maisha yakaendelea. Wachache hukipeleka kisu kwa fundi, naye fundi ana swali moja tu: tuweke mpini wa kitu gani?

Swali hilo huwa zito zaidi kisu kinapokuwa cha kurithi. Mji huu ulikuwa na Wazungu wengi ulipoitwa Costermansville, jina uliloliacha mwanzoni mwa miaka ya 1950, na walipoondoka waliacha vitu nyuma yao. Vilikuwamo visu vya uwindaji: ubapa mfupi na mnene, mpini wa pembe ya ayala, wa kahawia, wenye mikwaruzo ya asili inayozuia mkono usiteleze. Baadhi vimebaki katika familia vikikata kamba na kuchuna mbuzi, na mwenye nacho hana habari tena kilitoka kwa nani. Mpini wa namna hiyo ukipasuka, tamaa ya kwanza ni kuurudisha ulivyokuwa, ayala kwa ayala. Ninaielewa tamaa hiyo. Naona hata hivyo kwamba imelenga pasipo, na ili kuonyesha inakokwenda kombo inabidi tuzunguke: Ulaya ya kaskazini, milima ya Ufaransa, Yemen, kisha misitu ya Mwenga na Shabunda, ndipo turudi Bukavu, kwa fundi wa Kadutu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ayala, ambaye wengi wetu tumemjua kwa Zaburi kuliko kwa macho, hayupo kusini mwa Sahara. Afrika nzima ina aina moja tu ya asili, ayala wa Barbari, anayeishi katika misitu ya mpaka wa Algeria na Tunisia. Wanyama wetu wenye pembe, kuanzia kulungu na pofu hadi nyati na ng'ombe, wana kitu kingine kabisa: ala ya keratini, ile ile ya kucha na nywele, iliyovaa juu ya mfupa. Ala hiyo haidondoki wala haichipui upya. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Inaota kutoka fuvuni kila mwaka, imefunikwa ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu, na inakua kwa kasi ambayo hakuna mfupa mwingine wa mamalia unaoifikia. Ikishakomaa, ngozi hukauka, mnyama huisugua kwenye miti mpaka itoke. Msimu wa kupandana ukipita, pembe yenyewe huanguka, na mwaka unaofuata huota nyingine.

Maana yake ni kwamba mtu wa Scotland au wa Lapland anaweza kwenda msituni mwisho wa majira ya baridi akaokota malighafi ya mpini bila kuua kiumbe. Mnyama amekwisha kuitupa. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya pembe ya ayala, kubwa kuliko uzuri wake na ugumu wake, na ndiyo inayosahaulika upesi zaidi mtu anapokitazama kisu kwenye kabati la kioo.

Wasami wa kaskazini mwa Norway, Sweden na Finland hawajaisahau. Wao wanafuga ayala wa barafu, ambaye dume na jike wote wana pembe, na kisu chao hutengenezwa kwa pembe hiyo na mti wa kwao: mpini wa pembe na mbao, ala ya pembe iliyochorwa nakshi nyembamba kwa ncha ya kisu kingine. Kati ya visu vyote nitakavyovitaja hapa, hiki ndicho ninachokiona kimekamilika. Hakuna kilichotoka mbali isipokuwa chuma. Mnyama yule yule aliyeliwa nyama, akavaliwa ngozi, akavuta sleji, ndiye anayeshikwa mkononi, na nakshi zake zimefuata umbo la pembe badala ya kulilazimisha.

Mambo huharibika pembe inapopendwa na watu wasioishi na mnyama. Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, uliuza visu vya mpini wa ayala kote duniani, na malighafi ya misitu ya nyumbani haikutosha. Wakageukia India, kwa ayala mkubwa aitwaye sambar, ambaye pembe yake ina mfupa mwingi mgumu na kiini kidogo chenye vitundu. Kwa maneno ya biashara, zilikuwa pembe za kuokotwa. Lakini pembe iliyookotwa na iliyokatwa kwenye fuvu la mnyama aliyeuawa hutofautiana kwenye kitako tu. Zikishapasuliwa vipande vya mpini, hakuna karani wa forodha awezaye kuzitenganisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 India ikafunga usafirishaji wa pembe zote kwenda nje, za kuokotwa na zisizo za kuokotwa. Mipini mingi ya "ayala" inayoonekana leo ni utomvu wa kiwandani uliomiminwa kwenye kalibu. Kwa hiyo hata huko kwenye ayala wengi, anayetaka kurudisha ayala kwa ayala ana kazi.

Ufaransa ina mfano ulio karibu nasi zaidi kuliko tunavyodhani. Katika uwanda wa Aubrac, nchi ya juu yenye majani na baridi, kuna kijiji cha Laguiole, ambako mwaka 1829 kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja kinachojulikana kwa jina la kijiji hicho. Kilikuwa kisu cha wachungaji, na mpini wake wa kwanza ulikuwa pembe ya ng'ombe wa hapo hapo Aubrac. Baadaye kikapata msumari wa kutobolea, na mwaka 1880 kifungulio cha mvinyo, kwa sababu watoto wa wachungaji walikwenda Paris kufanya kazi katika mikahawa na wakahitaji kufungua chupa. Mafundi wa kule wanathamini ncha ya pembe kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa ncha imejaa mpaka ndani na haina tundu; kipande cha katikati ya pembe inabidi kipashwe moto na kubanwa mpaka kinyooke, nacho hukumbuka umbo lake la zamani na kujaribu kulirudia siku ya joto.

Kisu cha Laguiole nacho kilipata umaarufu, na umaarufu ukafanya ulichofanya Sheffield. Kazi kubwa ilihamia Thiers, mji wa viwanda vya visu. Ng'ombe wa Aubrac hawakutosha, zikaingia pembe za nyati wa Asia na za zebu. Jina la kijiji likabaki, pembe ikawa ya popote. Sisemi kisu kiliharibika, kinakata vilevile. Nasema tu kwamba mchungaji wa 1829 hakuchagua pembe kwa sababu ya heshima yake. Ilikuwapo, imebaki baada ya nyama kuliwa, na hakuna aliyeidai. Mtu wa Ngweshe au Kabare, huku kwetu, angemwelewa bila mkalimani.

Mji wa Sanaa, kule Yemen, ni upande wa pili wa mizani. Jambia la Yemen huvaliwa katikati ya tumbo, limesimama, na kinachoonekana hadharani ni mpini peke yake. Ubapa hauchomolewi ila kwa ngoma au kwa balaa. Ndiyo maana bei yote iko kwenye mpini. Ubapa ukichakaa hubadilishwa na hakuna anayelalamika. Mpini hupita kwa mwana na kwa mjukuu, na kila kiganja kinachoushika huuongezea mng'aro. Unaosifiwa kuliko yote huitwa saifani: pembe ya kifaru iliyoshikwa miaka mingi mpaka ikawa ya rangi ya asali na kupitisha mwanga kwenye kingo zake. Anayeujua huuinua kuelekea jua kabla ya kutaja bei.

Zamani mpini wa namna hiyo ulikuwa wa masharifu na makadhi. Mapinduzi ya 1962 yaliwaondolea masharifu upekee wao, na bei ya mafuta ilipopanda 1973 vijana wa Yemen Kaskazini walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia wakarudi na fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuzishika. Kila mmoja akataka mpini wa kifaru. Katika miaka ya 1970 nchi hiyo ikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa pembe hizo duniani, nazo zilitoka kwetu. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400. Huku Kongo, Garamba, mbuga iliyoanzishwa 1938, ilibakiwa na vifaru weupe wa kaskazini kama 15 tu mwaka 1984. Pembe nyingine zilikwenda Asia ya Mashariki kuwa dawa, na bunduki za vita vya Sudan na Uganda zilifanya kazi yake; lakini sehemu ya wanyama hao ilikwisha kwa ajili ya kipande cha sentimita chache kwenye mshipi wa mtu.

Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mufti mkuu wa nchi alitoa fatwa kwamba kumuua kifaru kwa ajili ya pembe yake ni kwenda kinyume na mapenzi ya Mungu. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Nairobi, alizunguka masoko ya Sanaa miaka nenda rudi akichunguza mipini na kuwahimiza mafundi watumie pembe ya nyati wa majini. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwezi Februari 2018. Mwezi uliofuata, Sudan, dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini, akafa huko Ol Pejeta, Kenya. Pembe ya nyati inashikika vizuri, haivunjiki ovyo, inang'aa. Inachokosa ni heshima tu, na heshima haina uzito wala ugumu unaoweza kupimwa.

Waomani walipata njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni ya werevu zaidi. Mipini ya kifaru na ya tembo walikuwa nayo pia. Lakini hanjari iitwayo Saidi, inayohusishwa na nasaba ya Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar, ina mpini uliovikwa nyuzi za fedha zilizosukwa kwa mkono, kiasi kwamba kilicho ndani hakionekani sana. Sifa ikahama kutoka kwa mnyama ikaenda kwa sonara. Ufundi wa hanjari ya Oman uliingizwa na Unesco katika orodha ya turathi za binadamu mwaka 2022, na kilichosifiwa hapo ni mkono wa fundi na desturi ya kuivaa.

Ukivuka mpaka Japani unakuta mambo yamepinduliwa. Mpishi wa huko huthamini ubapa kama Myemeni anavyothamini mpini. Mpini wake ni mbao nyepesi ya mti wa magnolia, imechongwa pande nane, na pete ya pembe ya nyati mahali chuma kinapoingilia. Mbao hiyo inajulikana tangu mwanzo kuwa itaoza. Mwenye kisu huigonga ikatoka, akapachika nyingine, bila huzuni wala sherehe. Na Wafaransa wana mzaha wao, ambao waliosoma kwa Kifaransa katika shule zetu huenda wameukuta: kisu cha Jeannot, kilichobadilishwa ubapa mara kadhaa na mpini mara kadhaa, naye Jeannot anaapa ni kile kile. Mzaha huo hutolewa ili watu wacheke. Sioni kwa nini. Myemeni angesema kisu ni kile kile mradi mpini upo, Mjapani mradi ubapa upo. Jeannot anasema ni kile kile mradi mimi nipo, na katika Kivu na Maniema kuna watu waliolichukulia jibu hilo kwa uzito wote.

Hao ni Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, na chama chao cha Bwami. Bwami ilikuwa na madaraja ambayo mwanamume na mke wake walipanda kwa mafundisho, zawadi na mwenendo, miaka na miaka, na wachache tu wakafika kindi, daraja la juu. Vitu vyake vilipangwa kwa mujibu wa daraja: vinyago vidogo vya mbao kwa daraja la yananio, pembe ya tembo kwa kindi. Kati ya vitu hivyo vilikuwamo visu vya pembe na vya mfupa, ubapa na mpini kipande kimoja, ambavyo havikuweza kukata hata jani la mgomba. Vilishikwa wakati wa kufundisha, vikachezwa navyo, vikapakwa mafuta na kusuguliwa mpaka vikageuka rangi. Vingine vilikwanguliwa na unga wake ukanywewa kama dawa, hivyo kikapungua kitu chenyewe bila kupungua thamani. Mwenye nacho akifa, jamaa walikitunza mpaka apatikane mrithi aliyestahili daraja lile. Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa na Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliwahi kuona sherehe zake na kuziandika kabla vitu vingi havijaishia kwa wafanyabiashara na katika makumbusho ya Ulaya.

Nimeitaja Bwami kwa makusudi, kwa sababu ukimwambia mtu wa Bukavu asitumie pembe ya tembo kwenye mpini wake, kuna anayejibu kwamba pembe ni mila yetu na kwamba Wazungu, baada ya kuzichukua zote, leo wanatukataza. Nusu ya kwanza ya jibu hilo si kweli. Katika Bwami pembe haikuwa malighafi ya kisu cha mtu yeyote mwenye fedha. Kununua pembe bila kupanda daraja kungekuwa utovu wa adabu, jambo la kuchekwa. Anayedai mpini wa tembo kwa jina la mababu amekwenda Sanaa ya 1975 akidhani amekwenda Shabunda.

Kuna Kongo nyingine, ya Wamangbetu wa Uele, ambayo mtu huyo angeweza kuiita shahidi wake. Msafiri Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme wao Mbunza mwaka 1870 alimkuta ameshika kisu kilichopinda, ubapa wake wa shaba. Visu vya namna hiyo vyenye mpini wa pembe ya tembo, na kichwa cha mtu mwenye fuvu refu kimechongwa juu yake, viko katika makumbusho mengi, na ni vizuri mno. Lakini mipini mingi ya vichwa ilichongwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili iwe zawadi kwa maofisa na wasafiri wa Kizungu waliokuwa na hamu nayo. Nayo pia ilikuwa bidhaa ya mnunuzi wa mbali.

Nusu ya pili ya jibu, kwamba wengine walimaliza pembe zetu, ni kweli, ila haituachii tembo. Kahuzi-Biega ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ikaingia orodha ya urithi wa dunia 1980, na orodha ya urithi ulio hatarini 1997. Tembo wa upande wake wa mlimani, ule unaoukaribia mji wetu, waliuawa karibu wote katika miaka ya vita iliyofuata 1994. Biashara ya kimataifa ya pembe zao imefungwa tangu Januari 1990, na sheria yetu wenyewe ya uhifadhi, ya Februari 2014, inawalinda.

Sasa turudi Kadutu na kile kisu cha mwindaji. Fundi mmoja wa huko, ambaye kazi yake kubwa ni panga na jembe, alikigeuza mkononi, akavuta kipande cha pembe kilichobaki, akagonga ubapa kwa ukucha na kusikiliza. "Papa, kisu haiyakufa," alisema. "Ni mupini tu njo imeoza." Nyuma yake kulikuwa na mirundo ya mipini ya mkaratusi, ya majembe, na vipande viwili vitatu vya mbao ya libuyu vilivyosalia kwa seremala. Alipoulizwa kuhusu pembe ya ng'ombe alicheka kidogo. Wachinjaji wanazitupa, alisema, hakuna anayeziomba.

Hapo ndipo ninapoliona jibu. Nchi ya Bashi, hii inayouzunguka mji wetu, ni nchi ya ng'ombe. Mahari yalihesabiwa kwa ng'ombe, ugomvi ulitulizwa kwa ng'ombe, na familia zilizoporwa mifugo katika vita vya 1996 na 1998 bado zinazungumzia wanyama hao kwa rangi zao, mmoja mmoja. Wahunzi wa Kaziba walifua visu vya watu hao. Ng'ombe anapochinjwa leo, nyama ina mnunuzi, ngozi ina mnunuzi, kwato huchemshwa, na pembe hubaki kwenye matope nyuma ya machinjio. Inabaki bure kama inavyobaki pembe ya ayala chini ya mti huko Lapland. Anayetaka kukitendea haki kisu cha ayala hana haja ya kuagiza ayala wa utomvu kutoka kiwandani. Afanye alichofanya fundi wa kwanza wa kisu hicho, achukue kilichoachwa karibu naye.

Kazi yenyewe haina siri, ina uvundo. Pembe mbichi huchemshwa kwa saa kadhaa, au huachwa wiki chache mahali penye unyevu, mpaka mfupa wa ndani ulegee. Kisha hugongwa kwenye jiwe mfupa ukachomoka. Shina lake ni ala tupu, linafaa vipande bapa viwili vya kubana kwa ribiti. Ncha imejaa, nayo ndiyo ya kutafutwa kwa kisu chenye mkia mwembamba. Iachwe ikauke miezi, si siku, la sivyo itasinyaa juu ya chuma na kupasuka. Inatobolewa kwa keekee, tundu dogo kuliko mkia. Ubapa unafungwa kitambaa kilicholowa maji ili joto lisiuharibu ugumu wake, mkia unapashwa mpaka uanze kuwa mwekundu, unasukumwa ndani, na chumba kizima kinanuka nywele zilizoungua. Ukipoa unachomolewa, tundu linajazwa gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, unarudishwa, na noleo la shaba lililokatwa kwenye bomba la maji linakaza mahali chuma kinapoingilia. Kisha tupa, kisha msasa wa aina tatu, kisha majivu yaliyochekechwa na kitambaa kikavu, na mkono wenye subira.

Kinachotoka hakifanani na ayala. Hakina ile mikwaruzo ya asili, kwa hiyo kiganja chenye mafuta kinateleza zaidi. Fundi mzuri huacha tumbo dogo katikati ya mpini au huchora mistari michache ya kushikia. Pembe ya ng'ombe haipendi kulowekwa, matabaka yake huachana, na wadudu huila ikisahauliwa gizani. Kwa kisu cha jikoni kinachoshinda ndani ya beseni, libuyu au mkaratusi mkavu ni bora, na Mjapani yuko upande wangu. Lakini kwa kisu cha kurithi kinachotumika kwa kiasi na kufutwa baada ya kazi, pembe hiyo inatosha kabisa. Rangi zake, nyeusi inayofifia kuwa kijivu na njano, ni za ng'ombe mmoja tu na hazitapatikana kwa mwingine. Kama mwenye kisu anajua ng'ombe huyo alichinjwa kwenye harusi ipi au matanga yapi, basi amepata kitu ambacho ayala hakuwa nacho.

Je, kisu kitakuwa kile kile? Mkusanyaji wa Brussels atasema hapana, na kwenye mnada bei itashuka. Na ashushe. Kisu kimekwisha kukaa Bukavu muda mrefu kuliko kilivyokaa Ulaya.

Neno moja la mwisho kwa anayekwenda kutafuta kipande. Nenda kwa mchinjaji kabla ya kwenda kwa muuza vinyago, kwa maana huko utauziwa "mfupa" ambao si mfupa. Omba uone mahali palipokatwa kwa kukingama. Pembe ya ng'ombe ina matabaka, na ikisuguliwa msasa inanuka kucha. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi, njia za damu za zamani. Pembe ya tembo ina mistari myembamba iliyopinda, inayopishana kwa mshazari kuelekea ukingoni. Ukiiona mistari hiyo, mrudishie kipande chake na uondoke.